Usalama wa ndege kwa uhalisia pepe: Arua ianze na mzigo, si na rubani

PAJULU, ARUA – Mfanyabiashara wa Pajulu anayetaka kufika Kampala ana njia mbili. Ya kwanza ni barabara ya kilomita zipatazo 500 kupitia Karuma, ambayo humla basi usiku mzima. Ya pili ni uwanja wa ndege wa Arua, ambako safari ya kwenda Entebbe huchukua takriban saa moja. Kwa mwenzake wa Koboko, kilomita zipatazo 55 kaskazini, hesabu ni ngumu zaidi. Baada ya vita vya Sudan Kusini kuenea Equatoria mwaka 2016, barabara ya Kaya, Yei hadi Juba ilikumbwa na mashambulizi ya kuvizia, na ndege ikawa jambo la kufikiriwa hata na mtu aliyezoea kubeba mali yake kwa lori.

Ndiyo maana habari inayotoka katika vyuo vikuu vya nchi za mbali inawahusu wafanyabiashara na wasafirishaji wa kanda hii kuliko inavyoonekana kwa mara ya kwanza. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, watafiti wamekuwa wakitumia teknolojia ya uhalisia pepe kufundisha usalama wa ndege. Mwanafunzi huvaa miwani mikubwa iliyofunika macho yote, na mbele yake hatokei mwalimu wala ubao, bali ndege nzima: viti, abiria, milango, moshi na maji. Akigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Akikosea, anaona matokeo ya kosa lake, kisha anaanza upya bila kuumia.

Wengi wakisikia habari hii hudhani ni mambo ya marubani. Makala haya yanasema kinyume. Iwapo teknolojia hii itafika Nile Magharibi, faida yake kubwa haitakuwa kwa anayeendesha ndege. Itakuwa kwa anayepakia, anayepima, anayeandika hati za mzigo na anayekaa kwenye kiti cha abiria akiwa amekumbatia mfuko wenye mtaji wake.

Walichokipata watafiti wa Udine

Utafiti unaotajwa mara kwa mara katika jambo hili ni wa Luca Chittaro na Fabio Buttussi wa Chuo Kikuu cha Udine, Italia, uliochapishwa mwaka 2015. Waligawa watu makundi mawili. Kundi moja lilisoma kadi ya usalama, ile inayokaa kwenye mfuko wa kiti cha mbele. Kundi la pili lilivaa miwani na kucheza mchezo wa kompyuta ambamo ndege inapata ajali na mchezaji anatakiwa kujiokoa. Wote walipimwa ujuzi wao kabla ya somo, mara tu baada ya somo, na tena baada ya wiki moja.

Waliovaa miwani walifanya vizuri zaidi, na muhimu kuliko yote, waliendelea kukumbuka walichojifunza wiki ilipopita. Vipimo vya mwili na maswali waliyoulizwa vilionyesha pia kwamba waliingiwa na hofu zaidi kuliko waliosoma kadi. Watafiti wanaona kwamba hofu hiyo huenda ndiyo iliyosaidia somo kushika.

Mwaka 2018 watafiti hao walitoa matokeo mengine ambayo kwa sehemu kama Arua yana uzito mkubwa zaidi. Safari hii walilinganisha vifaa: skrini ya kawaida ya kompyuta, miwani ya kiwango cha chini na miwani ya kiwango cha juu. Miwani ya bei kubwa iliwafanya watu wajione wamo ndani ya ndege kweli kweli. Lakini ujuzi walioupata ulikuwa unakaribiana katika makundi yote matatu. Kwa maneno mengine, kilichofundisha ni kule kutenda, kukosea na kurudia, hata pale kifaa kilipokuwa cha kawaida.

Mamlaka za usafiri wa anga nazo hazikubaki nyuma. Mwezi Aprili 2021 shirika la usalama wa anga la Ulaya, EASA, lilitoa idhini yake ya kwanza kwa kifaa cha kufundishia urubani kinachotumia uhalisia pepe, kilichotengenezwa na kampuni ya Uswisi kwa ajili ya helikopta ya Robinson R22. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, nacho kina mafunzo ya aina hiyo kwa wafanyakazi wa ardhini, wale wanaozunguka ndege ikiwa imesimama. Huko ndiko Arua inakopaswa kutazama.

Kujua si sawa na kufanya

Ili kuelewa kwa nini kadi ya usalama haitoshi, turudi Komoro. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na ufukwe wa Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Ilielezwa baadaye kwamba baadhi ya abiria walijaza hewa jaketi zao za kujiokoa wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, jaketi ziliwainua hadi kwenye dari na wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango.

Maelekezo ya kutojaza hewa jaketi ukiwa ndani hutolewa na wahudumu na yameandikwa kwenye kadi. Lakini mtu mwenye hofu hafanyi alichosikia mara moja. Hufanya kile mikono yake imezoea.

Karibu zaidi na sisi ni Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilitua katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na uwanja. Kati ya watu 43, waliokufa ni 19 na walionusurika ni 24. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na jina la kijana Majaliwa Jackson likajulikana Tanzania nzima kwa kusaidia kuufungua mlango wa nyuma. Ajali ile ilifundisha kwamba katika viwanja vya mikoani, dakika za mwanzo ni za abiria wenyewe na za raia walio jirani.

Mfano wa upande wa pili ni Tokyo. Tarehe 2 Januari 2024 ndege ya Japan Airlines aina ya Airbus A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda na kuwaka moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ndege ile ndogo walikufa. Lakini watu wote 379 waliokuwa katika Airbus walitoka hai. Wachambuzi wengi walitaja jambo moja: abiria waliacha mizigo yao.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa Arua anapopaswa kujiuliza kwa ukweli. Mfuko ulio juu ya kichwa chake una dola za kununulia mali, au risiti na hati za kontena lililokwama Mombasa. Mtaji wenyewe pengine ni wa kukopa, au ni fedha za chama. Mhudumu anapopiga kelele "Acha kila kitu!", je, ataacha? Ndege kubwa za abiria hupewa kibali baada ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango. Mtu mmoja anayevuta begi kwenye njia nyembamba anazila sekunde za walio nyuma yake. Somo hili halieleweki kwa kuhubiriwa. Linaeleweka pale unapovaa miwani, unanyoosha mkono kuchukua mfuko, na unaona moshi unakufikia kabla hujageuka.

Mizani ambayo haipo angani

Madereva wa malori wanaijua mizani vizuri kuliko watu wengine wote. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori kubwa kabisa, na kila ekseli ina kipimo chake. Lori likizidisha uzito, dereva analipa faini, anapunguza mzigo na kuendelea na safari. Hasara ni ya fedha na muda.

Ndege haina msamaha huo. Ndege ndogo aina ya Cessna Grand Caravan, inayotumika sana katika viwanja vidogo vya Afrika Mashariki, inaruhusiwa kupaa ikiwa na uzito wa jumla usiofika kilo 4,000 au unaokaribia hapo, ikihesabiwa yenyewe, mafuta, watu na mzigo. Gunia moja la ziada si jambo dogo katika hesabu hiyo. Isitoshe, Arua iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu, na hasa saa za mchana wa jua kali, hewa huwa nyepesi, bawa halipati nguvu ya kutosha ya kuinuka, na injini nayo hupungua nguvu. Mzigo uliobebeka asubuhi unaweza usibebeke saa nane mchana kwa ndege ile ile na njia ile ile ya kurukia.

Kinachosahaulika zaidi ni mpangilio. Katika lori, mzigo uliohamia nyuma unalifanya lichechemee. Katika ndege, unaweza kuinua pua kiasi ambacho rubani hawezi tena kuishusha. Historia ya kanda inatoa mifano michungu:

Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996. Ndege ya mizigo aina ya Antonov 32 iliyozidishiwa uzito ilishindwa kupaa kutoka uwanja wa N'Dolo na kuingia sokoni. Waliokufa ni zaidi ya watu 200, karibu wote wakiwa ardhini, wengi wakiwa wachuuzi na wateja wao.

Bandundu, tarehe 25 Agosti 2010. Ndege ndogo aina ya Let 410 ilianguka na kuua watu 20 kati ya 21. Kwa maelezo yaliyotokana na mtu pekee aliyenusurika, mamba aliyefichwa ndani ya mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza mizani.

Juba, tarehe 4 Novemba 2015. Antonov 12 ya mizigo, iliyokuwa imebeba pia abiria, ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, kando ya Mto Nile. Watu zaidi ya 35 walikufa.

Mtu wa biashara anaposoma mifano hii haoni marubani tu. Anamwona mwenye mzigo aliyesema "ongeza hiki kidogo", mpakiaji aliyekubali, na abiria aliyepanda ndege ya mizigo kwa kuwa ilikuwa ndiyo inayoondoka siku hiyo.

Uhalisia pepe unafaa sana hapa. Mwanafunzi anaweza kupewa Caravan tupu, rundo la magunia, makatoni na abiria, halijoto ya siku na urefu wa njia ya kurukia. Anapakia mwenyewe, kisha anaitazama ndege ikijaribu kupaa. Akipanga vibaya, anaiona pua ikipanda na ndege ikianguka. Hakuna mwalimu anayeweza kuonyesha jambo hilo kwa ndege ya kweli.

Betri, zebaki na jenereta

Jambo la tatu ni bidhaa hatari. Tarehe 3 Septemba 2010, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya UPS iliwaka moto muda mfupi baada ya kuondoka Dubai, ikaanguka na kuua marubani wake wawili. Ilikuwa imebeba shehena kubwa ya betri za lithiamu, na uchunguzi uliuhusisha moto ule na betri hizo. Dubai ndiko zinakotoka simu nyingi zinazouzwa katika miji yetu, pamoja na betri zake.

Tangu tarehe 1 Aprili 2016, kanuni za kimataifa zinakataza betri za lithiamu zinazochajika kusafirishwa peke yake kama shehena katika ndege za abiria. Katika ndege za mizigo, kanuni hizo ziliweka kwamba zisizidi asilimia 30 ya chaji. Anayeandika "vifaa vya simu" kwenye hati ili katoni la betri lipite anaweza kudhani anakwepa usumbufu tu. Kumbe anaificha hatari kwa watu pekee ambao wangeweza kuizuia.

Zipo bidhaa nyingine za kanda hii. Zebaki, inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Ituri na kwingineko, ikimwagika ndani ya ndege huuharibu aluminiamu, na ndege nyingi zimejengwa kwa aluminiamu. Chupa moja iliyovuja inaweza kuifanya ndege nzima isifae kuruka. Jenereta au msumeno wa injini uliobaki na petroli ndani ya tangi ni hatari nyingine. Dawa za kuulia wadudu, rangi, gesi na manukato mengi nayo yana masharti yake. Kwa wakala wa forodha wa Arua, Koboko au Ariwara, ujuzi wa mambo haya ni sehemu ya kazi kama ulivyo ujuzi wa ushuru.

Nani afundishwe, na wapi?

Uganda si mgeni katika mafunzo ya anga. Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kikabaki mikononi mwa Uganda. Kazi ya chuo hicho ni marubani na mafundi, na hakuna sababu ya Arua kushindana nacho.

Nafasi ya Arua ni nyingine. Chuo Kikuu cha Muni, ambacho ni cha umma na kilianza na masomo ya kompyuta mwaka 2013, kiko hapa hapa. Wanafunzi wa kompyuta wanaweza kujenga michezo ya kufundishia, na wale wa biashara wakawa wa kwanza kufundishwa kwayo. Mhitimu wa leo ndiye wakala, mhasibu wa ghala au mmiliki wa kampuni ya usafirishaji wa kesho. Akiwa amewahi kuiangusha ndege ya kuigiza kwa gunia moja, hatakuwa mwepesi wa kusaini hati ya uongo.

Wapo watakaosema kuwa haya ni anasa, kwamba chuo chenye upungufu wa vitabu hakihitaji miwani. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, gharama imeshuka sana. Mashine kubwa za kuigiza urubani hugharimu mamilioni ya dola. Miwani ya Meta Quest 3S ilipotolewa Oktoba 2024 iliuzwa Marekani kuanzia dola 300. Na kama matokeo ya Udine ya mwaka 2018 yanavyoonyesha, chuo kinaweza kuanza na kompyuta kilizonazo bila miwani yoyote, kikaongeza miwani michache baadaye.

Vikwazo vya kweli ni vingine. Kwanza, miwani huwapa baadhi ya watu kizunguzungu na kichefuchefu, hivyo masomo lazima yawe mafupi. Pili, miwani haina uzito wa mlango. Anayeufungua mlango wa ndege kwa kubonyeza kitufe hajajua nguvu inayohitajika, na bado atahitaji kuushika mlango wenyewe. Tatu, programu nyingi zinazouzwa zinaonyesha ndege kubwa za Ulaya zenye wahudumu na njia pana, wala hazina ndege ndogo yenye magunia nyuma ya viti. Nne, lugha. Somo la Kiingereza kitupu litamwacha nje mpakiaji na mfanyabiashara wa kutoka Ariwara au Kaya. Sauti ya mhudumu katika mchezo inapaswa kusikika kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa na Kilingala, kwa sababu hizo ndizo lugha atakazozifikiria mtu moshi unapoingia.

Cha kuanzia

Kwa mtazamo wa makala haya, hatua ya kwanza ni ndogo. Chuo, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda na vyama vya wafanyabiashara wakae pamoja na kuchagua masomo matatu tu: kutoka nje ya ndege mikono mitupu, kupima na kupanga mzigo, na kuitambua bidhaa hatari kabla haijafika uwanjani. Wanafunzi wafundishwe kwanza, na siku za mwisho wa wiki mlango ufunguliwe kwa wapakiaji, mawakala na wafanyabiashara. Wapimwe mara baada ya somo, na wapimwe tena baada ya muda kupita, kama walivyofanya watu wa Udine, ili ijulikane kama somo limeshika au limepita tu.

Biashara ya kanda inapanuka. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, na Arua iko kwenye kona inapokutana mipaka ya wote wawili. Kadiri mali yenye haraka inavyoongezeka, ndivyo ndege ndogo zitakavyozidi kushawishiwa kubeba zaidi ya uwezo wake. Madereva wetu wameandika "Tahadhari kabla ya hatari" kwenye malori kwa miaka mingi. Somo la miwani lina thamani ikiwa siku moja uwanjani, mwenye mali atakaposema "weka hilo gunia la mwisho, ndege itabeba tu", mpakiaji aliyekwisha kuiona ndege ikianguka atalishusha gunia chini na kumjibu: "Hapana, mzee. Hili litakwenda kesho."